Bluu Kwenye Paji la Shangazi

"Mwanangu, mbona umenipaka bluu?"

Shangazi yangu alikuwa amesimama mbele ya kanvasi, mikono kiunoni. Ilikuwa mara ya tatu kunikalia nimchore, nyumbani kwake nje kidogo ya Luanda, pale Bunyore inapopakana na Maseno. Kidole chake kilielekea juu ya nyusi, mahali nilipoweka alama tatu nne za kijivu chenye ubluu ndani yake. Kikashuka hadi chini ya taya. "Na hapa nimekuwa bati lenye kutu?"

"Senje, chukua kioo, keti palepale ulipokuwa, halafu ujiangalie."

Alichukua kioo cha mkononi, akarudi kitini karibu na mlango, akajitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akageuza uso kushoto, akaurudisha. "Ni kweli iko," akasema mwishowe. "Lakini wageni hawatakuwa na kioo. Wataona bluu tu."

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, Kisumu na hata Nakuru, na watu wanaopenda picha kwa dhati. Wanaiona picha ya mtu iliyochorwa kwa rangi ya mafuta na kwa mbali ni kama inapumua. Wakikaribia wanakuta vipande vya kijani, zambarau na machungwa visivyofanana na ngozi ya mtu yeyote wanayemjua. Wengine hudhani mchoraji amekosea. Wengine hudhani anajionyesha. Ile bluu ina sababu, tena sababu inayoweza kuelezwa kwa lugha ya kawaida, lakini kuifikia inabidi kwanza tufungue maneno machache ambayo yamefungiwa mambo mengi ndani ya jina moja.

Tuanze na neno picha lenyewe. Inayotoka kwenye simu ni picha, inayotoka kwenye brashi pia ni picha. Ndiyo maana sifa kubwa kuliko zote anayopewa mchoraji huku kwetu ni "hii ni kama picha kabisa!", yaani kama ya kamera. Sifa hiyo hutolewa kwa moyo mweupe nami huipokea kwa shukrani, ila inaficha tofauti kubwa. Kamera ya simu hutazama kwa jicho moja lenye lenzi pana. Isogeze karibu na uso, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Hukadiria yenyewe kiasi cha mwanga, na ikimkuta mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe mara nyingi humgeuza kivuli. Historia ya filamu za rangi nayo ina doa lake. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20, mashine za kusafishia picha zilirekebishwa kwa kufuata kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley, na ngozi nyeusi ikatoka imezama gizani au imepoteza rangi zake. Anayenakili picha ya simu mstari kwa mstari ananakili pia maamuzi yote hayo ya mashine. Wako vijana wetu wa penseli na kalamu ya wino wanaofanya kazi hiyo kwa ustadi unaonishangaza, na ina jina lake, uhalisia wa kifotografia, uliochipuka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni tawi moja tu la mti mrefu.

Neno uhalisia kila aliyesoma fasihi shuleni analijua. Katika uchoraji lina maana mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni namna ya kuchora, kwamba kitu kionekane kama kinavyoonekana. Hiyo ni ya kale. Mwaka 1434 Jan van Eyck wa Flanders alikuwa tayari anachora manyoya ya koti na mng'ao wa shaba ya taa kwa rangi ya mafuta hadi mtu akatamani kugusa. Maana ya pili ni vuguvugu lililoanza Ufaransa katikati ya karne ya 19, nalo swali lake kubwa lilikuwa ni nani anayestahili kuchorwa.

Mtu wa kumjua hapo ni Gustave Courbet, aliyezaliwa mwaka 1819 katika mji mdogo wa Ornans. Mwaka 1849 aliwachora wanaume wawili wakiponda mawe kando ya barabara, mmoja mzee, mwingine kijana, nguo zimeraruka, nyuso hazionekani vizuri. Zama zile kanvasi kubwa ziliwekewa wafalme, miungu na vita. Lakini mwaka huohuo akaanza picha ya mazishi ya kwao, yenye upana wa zaidi ya mita 6 na kimo cha zaidi ya mita 3, watu zaidi ya 40 wa Ornans wamesimama kando ya kaburi, kila mmoja karibu na ukubwa wake halisi. Ilipoonyeshwa Paris, katika maonyesho yaliyofunguliwa mwishoni mwa 1850, ilizua ghadhabu. Kilichoudhi zaidi ni kuona watu wa kijijini wamepewa ukuta wa wafalme. Mwaka 1855 waandaaji wa maonyesho makubwa ya Paris walikataa baadhi ya kazi zake, ile ya mazishi ikiwemo. Courbet akajenga banda lake mwenyewe jirani na maonyesho hayo, akaliita kwa jina la Uhalisia.

Ile picha ya waponda mawe haipo tena. Iliteketea mwaka 1945 karibu na Dresden, Ujerumani, wakati wa mabomu, na leo tunaijua kwa nakala tu. Mada yake ingalipo. Ukipanda matatu ya Kisumu kwenda Busia utawaona kina mama wameketi kando ya rundo la kokoto, nyundo mkononi, pete ya mpira imezungushwa kwenye jiwe ili vipande visiruke machoni. Sijawahi kupita pale bila kumkumbuka Courbet.

Shangazi ameuza omena soko la Luanda kwa zaidi ya miaka 20. Nilipomwambia nataka kumchora kwenye kanvasi yenye kimo cha mita moja na nusu, alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza kama nimekosa mtu mkubwa wa kuchora. Swali la Ornans lilikuwa limefika Bunyore.

Sasa twende kwenye rangi, maana nayo ina utata wake. Ukiingia duka la hadiwea ukaomba rangi ya mafuta utapewa mkebe wa rangi ya kung'aa ya milango na mageti. Ndiyo inayotofautishwa na rangi ya maji ya ukutani. Mafundi wetu wa mabango wameifanyia kazi kwa miaka mingi, vichwa vilivyonyolewa kwenye kuta za vinyozi, kuku na chapati kwenye kuta za hoteli, na wachoraji wengi wazuri walianzia hapo. Kiungo chake siku hizi huwa alkidi, utomvu wa kiwandani ulioungwa na mafuta, unaokauka upesi na kujisawazisha hadi alama ya brashi inapotea. Rangi ya mafuta ya msanii ni unga wa rangi uliosagwa ndani ya mafuta ya mbegu za kitani, mara nyingine ya jozi au ya mpopi. Huja ndani ya tyubu. Tyubu hiyo ilibuniwa na mchoraji Mmarekani, John Goffe Rand, mwaka 1841. Kabla yake rangi ilifungwa kwenye vifuko vya kibofu cha nguruwe.

Maji yakikauka yameondoka. Mafuta ya kitani hayaendi popote. Yanavuta oksijeni kutoka hewani, chembe zake zinashikana, utandu mgumu unabaki, na katika siku za mwanzo rangi huongezeka uzito kidogo badala ya kupungua. Kwa sababu hiyo mafuta ya kupikia hayawezi kuchukua nafasi yake. Kijana mmoja aliniletea picha ya babu yake aliyoichanganyia mafuta ya kukaangia, kwa kuwa ya kitani ni ghali. Miezi minne ilikuwa imepita na bado inanata, na vumbi la mtaa wa Kondele lilikuwa limelala kwenye ndevu za mzee. Aliichora vizuri, na iliniuma kumwambia kwamba haiokoki.

Kushikana huko kwa chembe hutoa joto. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani, kikikunjwa na kutupwa pembeni, kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Vyangu huvitia ndani ya mkebe wa maji wenye kifuniko, na kila anayekuja kujifunza kwangu husikia hili kabla hajashika brashi.

Tabaka jembamba hugusika baada ya siku chache, lakini ndani huendelea kushikana kwa miezi. Kutokana na hilo wachoraji wa zamani waliweka kanuni kwamba tabaka la chini liwe na mafuta machache na la juu liwe na mengi zaidi. Aliyewahi kukandika nyumba ya udongo ataielewa mara moja. Ukipiga tabaka la juu linalokauka upesi wakati la chini bado linacheza, lazima lipasuke. Hata rangi zenyewe hazikauki sawa. Nyeusi ya mifupa huchelewa mno, ilhali amba, ule udongo wa kahawia wenye manganizi, huwahi. Msingi wa picha ya shangazi niliuchora kwa amba iliyozimuliwa kwa tapentaini, juu ya kitambaa cha merikani nilichokivuta kwenye fremu ya mbao na kukipaka gundi kwanza, kisha rangi nyeupe ya msingi. Gundi ni ya lazima kwa sababu mafuta ya kitani yakigusa uzi wa pamba yanauozesha taratibu. Nikauacha wiki nzima, ndipo nikarudi na rangi za ngozi.

Na kwa nini mafuta, si rangi ya maji, kwa ajili ya ngozi? Okota kokoto kavu. Utaiona kijivu tu. Itie maji, ghafla inakolea, chembe nyekundu na nyeusi zinajitokeza. Maji yameziba vijishimo vya juu, mwanga unazama zaidi ndani kabla ya kurudi kwenye jicho. Mafuta hufanya hivyo vizuri kuliko maji, na tofauti na maji hayakauki yakarudisha kijivu. Unaweza kupaka tabaka jembamba la wekundu juu ya kahawia iliyokwisha kukauka, mwanga ukapenya la kwanza, ukagonga la pili, ukarudi umebeba yote mawili.

Ngozi yako inafanya jambo hilohilo wakati huu unaposoma. Sehemu kubwa ya mwanga unaoiangukia huingia ndani. Tabaka la juu lina melanini inayomeza sehemu yake, chini kuna damu inayorudisha wekundu, na kinachotoka ndicho tunachokiita rangi ya mtu. Lakini sehemu ndogo, kama asilimia 4 au 5, haiingii kabisa. Inateleza juu ya ngozi na mafuta yake kama inavyoteleza juu ya kioo, na haina habari na melanini. Inarudi na rangi ya pale ilikotoka. Kama imetoka angani, inarudi na bluu ya anga.

Kwa mtu mweupe sehemu hiyo ndogo humezwa na mwanga mwingi unaotoka ndani ya ngozi. Kwa mtu mweusi unaotoka ndani ni mdogo, hivyo mng'ao wa juu unaonekana wazi, na rangi yake nayo inaonekana wazi. Hiyo ndiyo bluu ya shangazi. Ipo kwenye paji lako pia ukiketi karibu na mlango mchana wa mawingu machache. Akili inajua kwamba mtu ni kahawia, basi inaifuta ile bluu kabla hujaitambua.

Kufuta huko ndiko kunakomponza anayeanza. Anachanganya kahawia moja, anaupaka uso wote, kisha akitaka mwanga anaongeza nyeupe na akitaka kivuli anaongeza nyeusi. Matokeo yake Kiswahili kilishayapa jina zamani: ngozi iliyopauka. Mama zetu walitupaka mafuta ya kujipaka kila asubuhi kabla ya shule ili tusipauke, halafu mchoraji anawapausha kwa brashi. Rangi nyeupe hupoza kila inachoguswa nacho na kukitia majivu. Ngozi nyeusi inayopokea mwanga huongezeka joto na utajiri wa rangi kabla haijaongezeka weupe. Kwa hiyo mimi hupanda kutoka siena iliyochomwa, kahawia yenye wekundu, kwenda oka, rangi ya udongo wa manjano, wakati mwingine na tone la machungwa, na nyeupe huja mwisho kabisa, kidogo, pale kwenye mng'ao tu, ikiwa imechanganywa na ile bluu. Kivulini nyeusi ya tyubu huiacha. Ultramarini, ile bluu iliyokolea, na amba iliyochomwa zikichanganywa hutoa giza lenye uhai, unaloweza kulivuta kuelekea joto au ubaridi kwa kuongeza moja kati ya hizo mbili.

Yupo aliyelijua jambo hili mapema kuliko wengi. Henry Ossawa Tanner, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Pittsburgh mwaka 1859, alisoma Philadelphia chini ya Thomas Eakins, mwanauhalisia mkali aliyesisitiza wanafunzi wamchore mtu aliye hai mbele yao na waujue mwili wake hadi misuli. Mwaka 1893 Tanner alimchora mzee akimfundisha mvulana kupiga banjo ndani ya nyumba duni. Wakati huo wachoraji wengi wa Marekani waliwachora watu weusi kama vichekesho. Yeye aliwapa utulivu na umakini. Lakini mimi huirudia picha ile kwa sababu ya mwanga. Kuna mianga miwili ndani yake, mmoja wa baridi kutoka kushoto, mwingine wa moto wa mekoni kutoka kulia, na inakutana juu ya ngozi za wale wawili. Upande mmoja wa uso una samawati, upande mwingine una kaa la moto. Hakuna uso uliopakwa kahawia moja. Picha hiyo iko Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia.

Hapo sasa naweza kueleza ile kutu ya tayani, lakini lazima nitoke nje kidogo nitazame jua.

Mafundisho ya uchoraji kutoka Ulaya husema karakana iwe na dirisha la kaskazini. Kule jua hupita upande wa kusini mwaka mzima, hivyo dirisha la kaskazini huingiza mwanga wa anga peke yake, tulivu, karibu uleule asubuhi hadi jioni. Niliufuata ushauri huo Kisumu kwa miaka miwili. Kuanzia Aprili miali ilikuwa ikiingia na kuukata uso wa niliyemchora vipande viwili, na kila nusu saa mkato ulikuwa umehama. Jibu lilikuwa limesimama barabarani Maseno, kwenye alama ya ikweta ambayo nimeipita tangu utotoni. Kwetu jua halina upande wake wa kudumu. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba hupita kaskazini, miezi iliyobaki hupita kusini. Karakana ya huku inahitaji madirisha mawili yanayotazamana, na kila nusu mwaka moja lifungwe pazia. Sijasoma hilo popote. Nimelilipia kwa picha nne nilizozifuta.

Tena jua letu halina subira. Linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu na kupanda karibu wima. Ikifika saa tatu tayari liko zaidi ya nyuzi 30 juu ya upeo. Mchana kati, uso wa mtu aliyesimama uwanjani hugeuka fuvu, matundu ya macho meusi, kivuli cha pua kimeangukia mdomo, utosi unawaka. Wachoraji wengi wa huku humkimbiza mtu ndani au hufanya kazi asubuhi mapema na jioni.

Shangazi nilimchora Julai. Mlango wake unatazama kusini, na mwezi huo jua hupita nyuma ya nyumba, kwa hiyo mlangoni huingia anga tupu. Nilimketisha kama mita moja na nusu ndani ya kizingiti. Paji lake, lililoinuka kidogo, lilipokea anga: bluu. Lakini mbele ya nyumba, ukishapita kivuli kifupi cha paa, kuna ua wa udongo mwekundu uliolowa jua kuanzia asubuhi. Ua huo ulikuwa taa ya pili. Mwanga uliugonga, ukabeba wekundu wake, ukaingia mlangoni kwa chini na kupanda hadi penye shingo na taya: kutu. Tanner alikuwa na moto wa mekoni. Mimi nilikuwa na ua ambao shangazi huufagia kila alfajiri. Uso uleule ukiupeleka Nakuru, ukauketisha kwenye kibaraza cha saruji kisicho na udongo mwekundu mbele yake, kutu inatoweka na kijivu kinashika nafasi yake. Picha ya uhalisia humweleza mtu pamoja na mahali alipoketi.

Umbo nalo lina mtego wa aina hiyohiyo, ingawa rahisi zaidi. Mtu mzima akisimama huwa na kimo cha vichwa vyake saba au saba na nusu hivi. Kanuni hiyo husaidia mpaka mtu aketi akikuelekea. Mapaja yanayokujia hufupika hadi yakawa mafupi kuliko upana wa magoti, na mkono wako unakataa, kwa sababu unajua paja la mtu ni refu. Dawa ni kunyoosha mkono, kufumba jicho moja, na kupima kwa mpini wa brashi. Kipimo ndicho kinachoshinda ubishi.

Kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote ni mikono. Kiganja cha mtu mweusi hakina melanini nyingi, hivyo damu inajitokeza na rangi yake ni karibu waridi, lakini kwenye mistari inakolea, na pembeni pale kiganja kinapokutana na mgongo wa mkono kuna mpaka ambao hauna mstari. Ukiuchora kama mstari, mkono unakuwa glavu. Fundo za vidole zina giza lake, kucha zina anga ndogo ndani yake. Vidole vya mkono wa kulia wa shangazi vimepinda kidogo, vimechukua umbo la gorogoro, kile kikopo cha kupimia ambacho amekishika tangu mimi nikiwa darasa la tatu. Sikuwahi kuviona mpaka nilipovichora. Nilikuwa nimekula mikate mikononi mwake miaka yote hiyo.

Tulipishana juu ya nguo. Mimi nilitaka achorwe na leso ya sokoni, yenye madoa na harufu ya omena, kwa sababu kichwani mwangu huo ndio ulikuwa uhalisia. Yeye alitoa kitenge kipya na kilemba cha kanisani. Nilibishana naye kidogo, kisha nikakumbuka kwamba wale watu wa Ornans kwenye ile kanvasi ya mita 6 hawakuvaa nguo za shambani. Walivaa nguo zao nzuri nyeusi, kwa sababu walikuwa msibani na walitaka kuonekana watu. Hali halisi ya shangazi ni pamoja na kwamba anacho kitenge hicho, amekinunua kwa faida ya omena, na anajua siku gani ya kukivaa. Mchoraji anayemlazimisha maskini abaki na matambara ili picha iwe ya kweli zaidi ameshaacha kutazama. Nilimchora na kitenge. Mikono niliiacha ilivyo, naye hakuomba nibadilishe kitu hapo.

Kuhusu bluu tulikubaliana nisiifute, ila nilirudi nikailainisha kingo zake kwa brashi kavu, kwa maana alikuwa na hoja: niliiweka kali kuliko ilivyokuwa. Ukishagundua rangi iliyofichika unashawishika kuipigia kelele.

Picha sasa iko ukutani kwake, ikitazamana na mlango. Alitaka kuiweka chumba cha ndani isipate vumbi, nikamsihi asifanye hivyo, kwa kuwa mafuta ya kitani yakikaa gizani hugeuka manjano. Vanishi bado. Nimemwambia tusubiri hadi Februari, miezi sita tangu brashi ya mwisho, ili ndani pakauke. Lakini kufikia wakati huo jua litakuwa limehamia kusini na litaingia mlangoni moja kwa moja hadi kwenye ukuta ule. Nimemwomba ifikapo Oktoba aihamishie ukuta wa pembeni. Amekubali, ila amesema kwanza majirani wote wamalize kuiona pale ilipo, na kile kioo cha mkononi amekitundika kwenye msumari kando yake.